Hadubini au vinasaba: njia ya kumfaa kijana wa Kigoma anayetaka kuainisha uduvi wa kina kirefu

Mwanafunzi wa Kigoma anayetaka kusomea uduvi wa kina kirefu cha bahari hulazimika mapema kuchagua kati ya njia mbili za kazi. Njia ya kwanza ni ya maumbo: mtafiti huketi na hadubini, kibano na penseli, akahesabu meno ya mwiba wa kichwani, pingili za miguu na matamvua, kisha akalinganisha alichokiona na maelezo yaliyochapishwa na waliomtangulia. Njia ya pili ni ya vinasaba: kipande kidogo cha msuli huyeyushwa, sehemu iliyochaguliwa ya kinasaba huzidishwa kwa mashine, herufi zake husomwa, na mfuatano unaopatikana hulinganishwa na mifuatano iliyokwisha kuhifadhiwa katika hazina za data. Njia zote mbili zimefichua spishi mpya, na zote mbili zimewahi kuwapotosha watu wenye ujuzi mkubwa. Ndiyo maana anayeulizwa ushauri asijibu haraka kwamba vinasaba ndiyo elimu ya leo na hadubini ni ya babu zetu. Inampasa kwanza ajue muulizaji ana vifaa gani, ana sampuli za namna gani, na anataka kufika wapi.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea kusoma. Anayeanzia Kigoma aanze na hadubini, ajizoeze mpaka aweze kumfikisha uduvi kwenye jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu, bila kushikwa mkono, na wakati huohuo ahifadhi kila sampuli kwa namna ambayo haitaufunga mlango wa vinasaba. Uamuzi mzito kuliko wote hufanyika chomboni, wakati uduvi anapotoka wavuni na kutiwa chupani, na huo ndio uamuzi ambao wanafunzi wengi hawafundishwi.

Ziwa lenye kina, na bahari yenye pumzi

Kabla ya kulinganisha njia, ni vyema kuondoa dhana moja inayosikika sana mjini Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi katika sehemu yake ya chini kabisa, nao wataalamu wa bahari huanza kuhesabu kina kirefu kuanzia mita 200 kwenda chini. Mtu akiyaweka maelezo hayo mawili pamoja atadhani kwamba uduvi wa kina kirefu wako hapa hapa, chini ya mitumbwi ya Kibirizi. Hawako. Maji ya ziwa hili hayachanganyiki kutoka juu mpaka chini, na hewa ya oksijeni huishia takriban mita 100 upande wa kaskazini na karibu mita 200 upande wa kusini, ambako upepo wa kusi huyasukuma maji zaidi. Chini ya hapo kuna giza, maji yasiyo na oksijeni na gesi ya salfidi ya hidrojeni, na hakuna uduvi, kaa wala samaki anayeweza kuishi humo. Bahari iko tofauti kwa sababu moja kubwa: karibu na ncha za dunia maji huwa baridi na mazito, huzama yakiwa na oksijeni yake, kisha husafiri polepole sakafuni mwa bahari zote. Kwa sababu ya maji hayo, uduvi huweza kupumua kwenye kina cha mita elfu tatu au nne.

Kwa hiyo mtu wa Kigoma anayetaka uduvi wa bahari kuu atalazimika kuifuata bahari, au kuzifuata chupa zilizokwisha kujazwa na meli za utafiti. Lakini ufundi wenyewe anaweza kuuanzia nyumbani, kwa maana ziwa letu lina uduvi wake wasiopatikana mahali pengine popote duniani, wa jenasi za Limnocaridina, Caridella na Atyella, pamoja na kamba aitwaye Macrobrachium moorei.

Historia inaunga mkono jambo hilo kwa namna ya kupendeza. Mwingereza John Edmund Sharrock Moore alifika ziwani mwaka 1896, akarudi tena mwaka 1899 hadi 1900, na baadhi ya viumbe alivyokusanya vikakabidhiwa kwa William Thomas Calman. Mwaka 1899 Calman akaeleza kisayansi spishi mbili za Tanganyika, mmoja wao akiwa huyo kamba aliyebeba jina la Moore. Msafara wa William Alfred Cunnington wa mwaka 1904 hadi 1905 ukaleta sampuli nyingine, na mwaka 1906 Calman akatoa taarifa kubwa zaidi iliyoongeza spishi mpya. Miaka mingi baadaye, meli ya Misri iitwayo Mabahiss ilipozunguka Bahari ya Hindi mwaka 1933 hadi 1934 na kufanya kazi pia katika maji ya karibu na Zanzibar, uduvi wake walifika mikononi mwa Calman huyohuyo, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1939. Mtu mmoja, kwa ufundi uleule wa hadubini na kalamu, aliwahudumia uduvi wa Tanganyika na uduvi wa kina cha bahari.

Hata hivyo, historia hiyohiyo ina onyo. Moore alipoona konokono wa ziwa wenye magamba yanayofanana na ya konokono wa baharini, pamoja na kiwavimaji mdogo anayeelea ziwani, alishawishika kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Jiolojia haikumuunga mkono. Ziwa limo ndani ya bonde la ufa, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Magamba yalifanana bila undugu wa karibu. Anayechagua njia ya maumbo abebe onyo hilo tangu siku ya kwanza.

Hadubini inaona nini

Ubora wa kwanza wa njia ya maumbo ni kwamba matokeo yake yanaonekana papo hapo mezani. Chukua uduvi mmoja, umlaze ubavu katika sahani yenye maji kidogo au ethanoli, na utumie hadubini ya ukuzaji mdogo yenye vioo viwili vya macho, ile inayotumika kuchunguzia wadudu. Tazama kwanza miguu ya kutembelea. Ikiwa jozi tatu za mbele zina magando, yaelekea uko katika kundi la Dendrobranchiata, lenye kamba wa familia ya Penaeidae pamoja na Aristeidae wekundu wa kina kirefu. Ikiwa jozi zenye magando ni mbili tu, yaelekea uko katika kundi la Caridea, lenye spishi zaidi ya elfu tatu zinazojulikana. Kisha tazama tumbo. Katika Caridea, ubavu wa pingili ya pili hupanuka na kufunika kingo za pingili ya kwanza na ya tatu. Katika Dendrobranchiata hakuna upanuzi wa namna hiyo. Ukimkuta jike amebeba mayai chini ya tumbo, umepata ushahidi wa tatu, kwa kuwa jike wa Caridea huyashikilia mayai kwenye miguu ya kuogelea ilhali wa Dendrobranchiata huyaachia majini. Dakika chache zimetosha kumgawa mnyama katika makundi makubwa mawili, na gharama yake ni mwanga, kibano na utulivu.

Kutoka hapo kazi huwa ndefu na yenye kudai uvumilivu. Huhesabiwa meno ya mwiba wa kichwani, ya juu na ya chini, na huandikwa mangapi yako nyuma ya jicho. Hupimwa urefu wa gamba la kichwa na kifua kuanzia tundu la jicho mpaka ukingo wa nyuma, kwa sababu urefu wa mwili mzima hubadilika kadiri mnyama alivyokunjwa. Katika familia nyingine hutafutwa viungo vinavyotoa mwanga, mahali vilipo na jinsi vilivyopangwa. Katika uduvi wa Tanganyika, gamba hufunguliwa upande mmoja na matamvua huhesabiwa, kwa kuwa upungufu wa matamvua ni miongoni mwa alama zinazoitenganisha Limnocaridina na jenasi ya Caridina iliyoenea katika mito na maziwa mengi. Anayeweza kufungua gamba la uduvi wa ziwa mwenye urefu wa sentimita moja au mbili bila kuyachana matamvua yake hatababaishwa na Acanthephyra wa baharini, ambaye ni mkubwa mara kadhaa.

Udhaifu wa njia hii hutokana na mnyama mwenyewe. Uduvi hubadilika kwa umri na kwa jinsia kiasi cha kumfanya mgeni aone spishi mbili mahali palipo na moja. Mfano ulio wazi ni wa kamba wa kina kirefu wa familia ya Aristeidae, kama vile Aristaeomorpha foliacea, ambao mwiba wa kichwani huwa mrefu kwa majike na kwa wachanga wa jinsia zote mbili, lakini kwa madume waliokomaa huwa mfupi. Asiyejua hilo, akipewa ndoo ya kamba hao, atawagawa mafungu mawili na kuandika majina mawili. Aidha, sampuli za kina kirefu hufika juu zikiwa zimevunjika: wavu husaga miguu, papasi hukatika, na mara nyingi ncha ya mwiba, ambayo ndiyo yenye meno ya kuhesabiwa, huwa haipo.

Mahali ambapo vinasaba vilimaliza ubishi

Kwa upande wa lava, yaani watoto wa uduvi ambao bado hawajapata umbo la wakubwa, na wachanga, vinasaba vinaishinda hadubini kwa mbali, na sioni haja ya kuuficha ukweli huo kwa sababu tu napendekeza kuanza na hadubini.

Mwaka 1828 John Edward Gray alieleza kiumbe kidogo cha ajabu, chenye gamba nene na miiba mikubwa mithili ya pembe, akakiita Cerataspis monstrosa. Kilipatikana mara chache, na aghalabu katika matumbo ya viumbe wakubwa wanaowinda kwenye maji ya juu. Watu waliohitimu sana katika maumbo walishuku kwamba ni lava wa kamba fulani wa kina kirefu, lakini hawakuweza kuthibitisha, kwa sababu mtoto huyo hakufanana hata kidogo na mkubwa yeyote aliyejulikana. Mwaka 2012 Heather Bracken-Grissom na wenzake walilinganisha vinasaba kadhaa vya kiumbe hicho na vya kamba wakubwa, wakaonyesha kwamba ni mtoto wa Plesiopenaeus armatus, kamba wa kina kirefu sana wa familia ya Aristeidae. Fumbo la miaka 184 likafika mwisho kwa kulinganisha tishu. Hakuna idadi ya meno wala pingili ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo.

Mfano wa pili unahusu chemchemi za maji moto zilizo katikati ya Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1986 Austin Williams na Peter Rona walieleza Rimicaris exoculata, uduvi asiye na macho ya kawaida anayeishi kwenye kina cha mita zaidi ya 3,600 katika eneo liitwalo TAG, ambako hujazana zaidi ya elfu moja katika mita moja ya mraba. Mahali pa macho ana kiungo kikubwa mgongoni kinachohisi mwanga hafifu. Mwaka 1996 ukaelezwa uduvi mwingine mdogo wa rangi ya chungwa kutoka chemchemi hizo, akapewa jenasi yake mwenyewe na jina la Iorania concordia. Mwaka 1998 Timothy Shank na wenzake walisoma vinasaba vyake na kukuta kwamba hakuwa spishi nyingine: alikuwa Rimicaris exoculata mchanga, ambaye bado hajabadilika kuwa na umbo la utu uzima. Jenasi nzima ikafutika.

Mifano hii ndiyo inayowafanya vijana wengi waamini kwamba hadubini imepitwa na wakati. Lakini tuangalie kazi ya mwaka 2015 ya Vereshchaka na wenzake kuhusu Alvinocarididae, familia ya huyo Rimicaris. Walichambua maumbo ya spishi zote 31 zilizotambuliwa wakati huo, kisha wakatumia data zilizokuwapo za vinasaba viwili kama ushahidi wa nyongeza, na miti ya ukoo iliyotokana na njia hizo mbili ikakaribiana sana. Kazi hiyo ndiyo iliyomrudisha uduvi Rimicaris chacei katika jenasi aliyowekwa mwaka 1986, baada ya kuhamishiwa Chorocaris mwaka 1990. Wachambuzi wenye jicho zuri walikuwa wameshaiona sehemu kubwa ya ukweli, vinasaba vikaithibitisha.

Vinasaba navyo vina mitego yake, na mtego mkubwa kwa wanyama wa jamii ya kamba ni nakala mfu. Kipande kinachotumika zaidi, chenye herufi zipatazo 650 za kinasaba cha COI, hukaa ndani ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nguvu, lakini katika historia ndefu ya mnyama nakala za kipande hicho huhamia kwenye kiini cha seli na kuacha kufanya kazi. Mashine haiwezi kutofautisha. Huzidisha kile inachokutana nacho. Mtafiti asiyekagua mfuatano wake anaweza kutangaza spishi mbili au tatu ndani ya mnyama mmoja. Tatizo jingine ni la hazina za data zenyewe. Mfuatano uliowekwa humo una jina alilolitoa mtu fulani, na kama mtu huyo alikosea kumtambua mnyama, kosa lake humfuata kila atakayelinganisha naye. Zaidi ya hayo, spishi zilizoachana karibuni huweza kuwa na mifuatano inayokaribia kufanana, jambo la kuzingatiwa katika ziwa ambalo jamii zake nyingi zimetawanyika na kugawanyika humohumo ndani.

Gharama, na hali ya Kigoma

Hadubini ikishanunuliwa, kazi huendelea kwa miaka mingi bila gharama kubwa. Vinasaba hudai matumizi ya kila mara: kemikali zinazohitaji ubaridi, vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa, mashine ya PCR ya kuzidisha vinasaba, na huduma ya kusoma mfuatano, ambayo mara nyingi hutolewa nje ya mkoa au nje ya nchi. Hali ya umeme Kigoma imekuwa nzuri zaidi tangu mkoa ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na hilo ni jambo kubwa kwa yeyote mwenye jokofu la sampuli. Hata hivyo, kemikali inayotoka Dar es Salaam kwa safari ya kilomita zipatazo 1,250 za reli hufika kwa hisani ya barafu. Kibali pia huchukua muda wake: utafiti unaohusisha wageni huombewa kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kupeleka tishu nje ya nchi huhitaji makubaliano ya maandishi yanayoeleza nani anamiliki nini. Hayo yashughulikiwe miezi mingi kabla ya safari.

Muda wa kujifunza, kinyume chake, huielemea hadubini. Mtu makini anaweza kufundishwa hatua za maabara ya vinasaba katika wiki chache, ilhali jicho la kuainisha huhitaji miaka, na walimu wake wanapungua duniani. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu ya kuingia katika fani hii na wala si ya kuikimbia, maana anayeimudu atahitajiwa na maabara nyingi za vinasaba ambazo zina mifuatano mingi isiyo na majina.

Suala la jina

Katika ulinganisho huu, hapa ndipo mizani inapoinama kabisa. Majina ya kisayansi ya wanyama husimamiwa na Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo zinahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1758 kwa kazi ya Linnaeus. Kwa spishi zinazoelezwa baada ya mwaka 1999, ni lazima itajwe sampuli maalumu inayobeba jina, ambayo kwa kawaida ni moja na huitwa holotaipu, na ielezwe itahifadhiwa katika mkusanyiko gani. Maelezo hayana budi kutaja kwa maneno tabia zinazoitofautisha spishi hiyo na nyingine. Tangu mwaka 2012 uchapishaji wa kielektroniki pekee unakubalika, mradi uandikishwe katika rejesta ya ZooBank.

Sasa fikiria mtafiti mwenye mfuatano wa vinasaba unaotofautiana na yote iliyomo katika hazina za data. Je, amepata spishi mpya? Huenda. Lakini huenda ni spishi ambayo Charles Spence Bate aliieleza mwaka 1888 katika taarifa yake kubwa ya uduvi wa msafara wa meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, wa mwaka 1872 hadi 1876, na ambayo hakuna aliyewahi kuisoma vinasaba vyake. Njia kuu ya kujua ni kurudi kwenye maelezo ya Bate na michoro yake, na ikibidi kwenye sampuli yenyewe ya makumbusho, na kulinganisha meno kwa meno, pingili kwa pingili. Nyingi ya sampuli za kale za makumbusho, hasa zilizopitia fomalini, hazitoi vinasaba kwa urahisi. Kwa hiyo anayejua vinasaba peke yake anaweza kugundua tofauti, lakini hawezi kuipa jina bila kumwomba mwenye hadubini. Anayejua hadubini anaweza kuipa jina, ingawa mara kwa mara atamwomba mwenzake wa vinasaba amthibitishie kwamba huyo mdogo ni mtoto wa huyo mkubwa.

Chupa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi nyingi nzuri hupotelea hapa. Fomalini huutuliza mwili wa uduvi ukabaki na umbo lake na viungo vyake, lakini huvifunga vinasaba kiasi kwamba kuvisoma baadaye huwa kazi ya kubahatisha. Ethanoli kali ya asilimia 95 hulinda vinasaba, lakini huukausha mwili ukawa mgumu na mwepesi kukatika, na miguu huachia kwa kuguswa tu. Mtu akichagua fomalini amechagua maumbo. Akichagua ethanoli kali peke yake ameegemea vinasaba. Wala hawezi kubadili nia mwaka ujao.

Njia ya kuepuka kufungwa ni kuwagawa. Mara uduvi anapotoka wavuni, apigwe picha akiwa bado na rangi yake, ubavuni na juu, pamoja na rula. Uduvi wengi wa kina kirefu ni wekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu haufiki kule chini na mnyama mwekundu huonekana mweusi. Ndani ya ethanoli wekundu huo hufifia, na pamoja nao hupotea alama ambazo wakati mwingine ndizo zinazotenganisha spishi mbili za karibu. Kisha mguu mmoja wa kuogelea wa upande wa kulia, au kipande kidogo cha msuli, kitolewe kwa kibano safi na kutiwa katika kichupa cha ethanoli ya asilimia 95, na mwili wote uliobaki uhifadhiwe katika ethanoli ya asilimia 70 hadi 75. Upande wa kushoto uachwe mzima kwa ajili ya michoro. Ethanoli ya kichupa ibadilishwe baada ya siku ya kwanza, kwa sababu maji ya mwili huipunguza nguvu, na kichupa kikae mahali pa baridi. Spiriti ya dukani yenye rangi na viungo vingine haifai kwa kazi hii.

Kisha lebo. Iandikwe kwa penseli, maana ethanoli huyeyusha wino wa kalamu nyingi, na itiwe ndani ya chupa, isibandikwe nje. Namba ya mwili na namba ya kichupa ziwe moja. Iandikwe tarehe, mahali, kina, aina ya wavu na jina la mkusanyaji. Kichupa cha tishu kisichojulikana kilitoka kwenye mwili upi hakina thamani kwa mtu wa vinasaba wala kwa mtu wa maumbo, hata kama kilitoka mita elfu nne chini.

Nani achague lipi

Mwanafunzi wa uvuvi aliyeko katika kampasi ya Kigoma ya FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, ambaye hajawahi kumchunguza uduvi kwa makini, sioni sababu ya yeye kuanzia mahali pengine isipokuwa kwenye hadubini na uduvi wa ziwa. Sampuli ni za bure kabisa kwa mtu aliye jirani na wavuvi. Mawe ya ufukweni yana uduvi wengi, na wengine huelea majini na kunaswa. Akishawajua hao, ataingia kwenye familia za bahari kuu akiwa na msamiati na mkono uliozoea.

Anayefanya kazi katika utafiti wa samaki, kwa mfano katika kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kilichopo mjini, na ambaye haja yake ni kujua samaki wanakula nini, ana hali tofauti. Uduvi ni chakula muhimu cha migebuka, hasa upande wa kusini wa ziwa, lakini anayepasua tumbo la mgebuka hukuta vipande vilivyokwisha kusagwa, macho na maganda. Hapo vinasaba vinastahili gharama yake, mradi kwanza mtu mwenye hadubini awe amewatambua uduvi wazima ambao mifuatano yao itatumika kulinganishia. Bila orodha hiyo ya kulinganishia, mashine itatoa herufi zisizo na mwenyewe.

Mwenye nafasi ya shahada ya uzamili au ya uzamivu, aliye na msimamizi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, au mshirika wa nje mwenye maabara, achukue njia zote mbili, lakini asikubali kugawanyiwa kazi ambayo yeye anakusanya na kutia chupani huku wengine wakisoma vinasaba na kuandika maelezo. Tasnifu iwe na michoro aliyoichora mwenyewe. Kwa kundi la Sergestidae au Oplophoridae, lenye viungo vya mwanga, maumbo yatamlipa sana. Akichagua lava walionaswa kwa nyavu za juu, aelekeze fedha zake kwenye vinasaba tangu mwanzo, kwa sababu hadubini peke yake itamkwamisha kama ilivyowakwamisha wengi mbele ya Cerataspis.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii na hana chochote isipokuwa simu yenye intaneti, maandishi ya Calman ya mwaka 1899 na 1906 na taarifa ya Spence Bate ya mwaka 1888 yanasomeka bila malipo katika maktaba ya mtandaoni iitwayo Biodiversity Heritage Library, yakiwa na michoro yake yote. Achapishe ukurasa wa Macrobrachium moorei, atafute kamba huyo ziwani, na amlinganishe na michoro hiyo mguu kwa mguu chini ya hadubini ya shule au ya chuo kilicho karibu, akiwa ameshatia mguu mmoja wa kuogelea katika kichupa chake cha ethanoli.